Harusi Iliyomo Kwenye Picha

Picha ya Bi Chamima ilijulikana mtaa mzima pale Palma. Aliyeingia sebuleni kwake kuomba chumvi au kutoa pole ya msiba, lazima macho yake yapande ukutani, juu ya kabati la vyombo, ilipoangikwa picha ile kubwa ya bandari ya zamani: meli za matanga zenye milingoti mirefu zimetia nanga, kamba zake nyembamba kama nyuzi za buibui, nyuma yake ngome na minazi, mbele jahazi moja limelalia ubavu kidogo, na chini kabisa ufuko, wenye watu wadogowadogo kama siafu. Fremu yake ilikuwa ya mbao nyeusi iliyochongwa maua kwenye pembe, ua moja limebanduka. Marehemu mumewe, Selemane, aliileta mwaka wa uhuru, imefungwa kamba nyuma ya baiskeli. Mreno mmoja mwenye duka alikuwa anaondoka, akigawa asivyoweza kuvibeba. Wenzake Selemane waligombea viti na mizani, yeye akarudi na picha.

"Viti vitavunjika," alimwambia mkewe. "Hii itakaa."

Na kweli ilikaa, na ilivyokaa ikaota hadithi. Babu yake Bi Chamima, mzaa baba yake, alikuwa nahodha, Nahodha Chaquir, mwenye jahazi lake mwenyewe. Hilo halina ubishi, wazee wote walilijua. Siku moja mtoto wa nyumbani aliuliza jahazi lile la mbele ni la nani. Bi Chamima mikono yake ilikuwa imejaa unga, akajibu, "La babu," ili apate nafasi ya kukanda. Kuanzia hapo likawa la babu. Mdogo wake Abdurrazaque, anayekaa kisiwani Rongui na biashara yake ya samaki wakavu, alilichukua neno hilo akalivalisha kanzu na joho. Kwenye kila shughuli ya ukoo alisimama chini ya picha, akaeleza jinsi Wazungu walivyokuja kuichora bandari, na jinsi Nahodha Chaquir alivyokataa kusogeza chombo chake. Watu walicheka, wakaamini. Yeye mwenyewe aliamini kuliko wote.

Na wale watu wadogo ufukweni, waliojipanga mstari mmoja kuelekea kwenye mashua, hao ni nani? Nadia, mjukuu aliyelelewa na Bi Chamima tangu akinyonya, ndiye aliyeuliza. Bibi alisogea na miwani yake. Kioo kilikuwa cha kahawia kwa moshi wa koroboi, na sehemu ya chini ilifanya ukungu kwa chumvi ya bahari. Aliona mstari. Aliona wengine wamevaa nyeupe. Aliona mmoja kama amebeba ngoma.

"Hao wanamsindikiza bibi harusi," alisema. "Anapelekwa kwa mumewe."

"Bibi harusi ni yupi?"

"Huyu wa katikati. Si unaona ameinamisha kichwa? Bibi harusi hakodolei watu macho."

Nadia akampenda bibi harusi huyo. Akampa jina, na kila Idi akambadilishia jina.

Vita vilipoingia mjini, watu walikimbia na walichoweza kukishika. Mwenye godoro alibeba godoro, mwenye kuku alibeba kuku. Bi Chamima aliifunga picha kwa kapulana mbili, nguo zake za kujifunga kiunoni, akajitwika kichwani, na njia yote ya porini hadi Nangade, na kutoka Nangade hadi Mueda juu, kila aliyempita alimtania. "Bi Chamima, wenzio tunakimbia kwa miguu, wewe umekuja na meli."

Huko Mueda walipokelewa na Joaquina, mjane wa Kimakonde, mama yake Cassimo, aliyesilimu alipoolewa lakini jina lake la ubatizo likamganda. Hakuwa akiwajua. Aliwakuta wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa soko, bibi na mjukuu na picha, akasema tu, "Njooni kwangu, chumba kipo." Maji ya Mueda ni ya shida, lakini kila asubuhi Joaquina aligawa ya kwake nusu kwa nusu, bila kutazama ndoo ya nani imejaa zaidi. Bi Chamima, mtu wa pwani aliyezoea kisima mlangoni, siku moja uvumilivu ulimshinda.

"Hivi, mama Cassimo, wazee wenu waliona nini mpaka wakajenga mahali pasipo maji?"

Joaquina alicheka mpaka akaiweka kata chini. "Waliwaona nyinyi. Watu wa pwani mlikuwa mnawinda watu huko bondeni, ndipo wazee wakapanda huku juu. Kiu hii mmetupa nyinyi, Bi Chamima, basi kaa uinywe na sisi."

Bi Chamima naye alicheka. Lilikuwa neno la utani, na utani ulikuwa umeshawafanya ndugu. Jioni ile alifungua zile kapulana, akamwonyesha mwenyeji wake picha, na ulimi ukaenda wenyewe kama ulivyozoea: jahazi hilo la babu yangu. Joaquina alitafuta msumari, akaiangika juu ya kitanda cha wageni wake. Chini ya picha hiyo, Cassimo, mtoto wa Joaquina, alizoea kuja kumsaidia Nadia masomo ya shule, na masomo yakazaa mengine.

Sasa walikuwa wamerudi Palma, nyumba imepata bati jipya, na watu wa Mueda walikuwa wanakuja kumposa Nadia.

Kwa watu wa Bi Chamima, siku ya posa ina kitu kinachoitwa kutaja wazee. Kabla ya sahani kuwekwa, upande wa mwanamume hutaja waliowatangulia, mmoja baada ya mwingine hadi wanapoishia, kisha upande wa mwanamke nao hutaja wa kwao. Hapo ndipo nyumba inapopimwa. Ndiyo maana Bi Chamima alitaka kila kitu kiwe safi, na ndiyo maana alimpa fundi Latifo ile picha aitie kioo kipya, maana cha zamani kilipata ufa safarini.

Latifo aliirudisha asubuhi ya siku yenyewe, wakati nazi zinakunwa uani na Nadia yuko kwa jirani anasukwa nywele. Aliiegemeza kwenye kabati, taratibu.

"Nimeifuta na vumbi lote la ndani, Bi. Sasa inaonekana."

"Mungu akupe afya, mwanangu. Kaa unywe chai."

"Chai siku nyingine." Alisimama kidogo, akikunja kitambaa chake. "Mambo ya zamani haya, Bi," akasema, akatoka.

Bi Chamima aliketi kwenye mkeka, akailaza picha mapajani kama mtoto. Alikuwa na furaha, kwa hiyo alianzia juu, kama mtu anayekula mkate kwa pembe ili katikati aiache mwisho. Aliona ndege ambao hakuwahi kuwaona. Aliona mtu juu ya mlingoti, ameshika kamba kwa mkono mmoja. Kwenye meli moja nguo zilikuwa zimeanikwa, hata suruali ilionekana miguu yake miwili. Alicheka peke yake. Akashuka kwenye jahazi la babu, akaona usukani, akaona pipa, akaona ubao mrefu umewekwa kutoka jahazini hadi mchangani. Akaufuata ule ubao kwa kidole hadi ufukweni.

Kidole kikasimama.

Nyeupe ile ilikuwa kanzu, ya mtu mmoja nyuma na mmoja mbele, na aliye nyuma alishika fimbo ndefu. Wengine wote hawakuwa na nguo za kusema ni nguo. Shingoni kila mmoja alikuwa na mti wenye panda, na mti wa huyu ulifungwa kwa wa mwenzake, mbele na nyuma, hadi mwisho wa mstari. Ile aliyoiita ngoma ilikuwa mtoto amefungwa tumboni kwa mama yake. Na bibi harusi, yule wa katikati, aliinamisha kichwa kwa sababu panda ilimkaa vibaya chini ya kidevu, ikamlazimisha kutazama mchanga.

Bi Chamima alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hawakubadilika. Akamtazama mtu wa fimbo. Kofia yake ilikuwa na mshono wa duara, ileile ambayo baba yake Bi Chamima alivaa kwenda msikitini, ileile aliyoivaa mumewe Selemane hadi siku yake ya mwisho.

Hapo lilimjia jambo ambalo hakuliita. Faida. Katika nyumba ya baba yake, yeye akiwa mdogo, palikuwa na mwanamke mzee sana aliyekaa jikoni. Uso wake ulikuwa na chanjo za mistari iliyopinda, kutoka mashavuni hadi paji la uso, na mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu, ambalo watoto walilicheka maana maji yalipita hapo akinywa. Kila mtu mzima nyumbani alikuwa bibi, au shangazi, au mama mkubwa. Mwanamke huyo, aliyekuwa mzee kuliko wote, hata kitoto kinachotambaa kilimwita Faida, kavu. Ndilo jina alilokutwa nalo, au alilopewa. Chamima mdogo alilala mapajani mwake kila mchana, akifuata mistari ya chanjo kwa kidole. Alijua kila pinda. Hakuwahi kumuuliza ametoka wapi, na hakuna aliyemwambia aulize.

Aligeuza picha, akaielekeza uso ukutani.

Abdurrazaque aliingia kabla ya adhuhuri, amebeba changu mkubwa ndani ya kikapu, amenyoa, ananukia udi.

"Dada, shikamoo. Mbona ukuta uchi?"

"Marahaba. Nilifikiri leo tuiache."

"Tuiache vipi? Nitasemea wapi, kwenye msumari?" Alishaiinua. Alitazama jahazi lake tu, akatabasamu kama mtu aliyemwona rafiki. "Tazama kioo. Leo watu wa Mueda watajua wameingia nyumba gani."

"Abdurrazaque."

"Naam, dada."

Alikuwa na nafasi ya kusema, na sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Lakini maneno aliyoyatafuta yote yalikuwa na aibu ndani yake, na mdogo wake alikuwa amevaa koti jipya. "Changu huyo mpeleke uani, ataharibika," akasema.

Akajifariji kwa mengine. Picha iko juu. Watu wale ni wadogo. Wageni hukaa chini, kwenye mkeka, na mtu aliyekaa mkekani haoni ila matanga.

Walifika baada ya swala ya adhuhuri, wamechoka na njia. Joaquina alitangulia, kapulana mpya, akamkumbatia Bi Chamima mpaka miwani ikapinda. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa ukoo wake, na kaka yake Cândido, mtu mrefu, mwenye mvi, Mkristo, mjomba wa bwana harusi. Na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Cassimo mwenyewe, kwa adabu, alibaki Mueda. Nadia na wenzake walijibana nyuma ya pazia la chumbani, na pazia likawa linapumua.

"Shikamoo, mama," Cândido alimwambia Bi Chamima, akashika mikono yake yote miwili. "Joaquina anakutaja kila siku, mpaka tumekuonea wivu."

"Marahaba, baba. Ni yeye aliyetuweka hai."

"Alituambia ulikuja na meli," Cândido alisema, na wote wakacheka, hata pazia likacheka.

Wali wa nazi ulikuwa tayari, matapa ya majani ya muhogo yamekolea, changu amepakwa nazi na anageuzwa kwenye makaa. Harufu iliingia hadi sebuleni. Abdurrazaque alikohoa kidogo, akawakaribisha wageni wataje.

Cândido hakusimama. Alitaja akiwa ameketi, kwa sauti ya mtu anayehesabu mbegu. Alianza kwa mama yake na Joaquina, akaenda kwa bibi yao, kisha kwa mama wa bibi, maana wao hufuata tumbo. Aliposema jina la huyo wa mwisho alisita.

"Huyo alipandishwa Mueda akiwa mgongoni, na mgongo haukuwa wa mama yake. Mama yake alikwenda kuteka maji bondeni na wenzake, wakakutwa. Tangu siku hiyo hatumjui. Basi sisi tunaishia hapo, kwenye njia ya maji."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeonyesha mwisho wa shamba lake. Wanawake wa ukoo wake waliitikia kwa kutikisa vichwa. Bi Chamima alitazama vidole vyake. Alimwomba Mungu Abdurrazaque asisimame.

Abdurrazaque akasimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameiandaa hotuba tangu Rongui, na mtu aliyeandaa hotuba hasikii ya wenzake. Aliwashukuru wageni. Alitaja baba, akamtaja babu, na kama kawaida yake mkono ukapanda ukutani.

"Na chombo chake ndicho hiki, ndugu zangu. Hakikusogezwa. Wazungu walikikuta, wakakichora. Sisi hatuna haja ya kusema sana. Mwingine hutaja wazee kwa mdomo, sisi tunaonyesha."

Kwa heshima, Cândido aliinuka kuonyeshwa. Aliweka mikono nyuma, akatazama. Alisifu milingoti. Alisifu fremu. Alikuwa mrefu, na picha ile iliyokuwa juu kwa watu wote, kwake ilikuwa usoni tu. Bi Chamima aliona kichwa chake kikishuka pole pole, kutoka kwenye matanga hadi kwenye ubao, kutoka kwenye ubao hadi ufukweni, kwa njia ileile ambayo kidole chake yeye kilipita asubuhi.

Cândido alinyoosha kidole. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na hajui bado ni nini.

"Na hawa?"

"Hao ni watu wa harusi," alisema Abdurrazaque, bado anatabasamu. "Wanamsindikiza bibi harusi jahazini. Mwulize dada, yeye ndiye mwenye habari zao."

Chumba kizima kikamgeukia. Joaquina pia alimgeukia, uso wake una furaha ya mtu anayengoja hadithi nzuri.

Bi Chamima aliona njia zake zote kwa mara moja, na zote zilikuwa chafu. Akisema ndiyo, harusi, mgeni ameshaona kwa macho yake, naye atakuwa amemdanganya mtu usoni siku ya kumkabidhi mtoto. Akisema siyo harusi, jahazi ni la babu, basi babu yake ndiye aliyewapakia watu hao. Akisema jahazi si la babu, basi wao ni waongo tangu zamani, na mdogo wake ni mwongo mbele ya wakwe. Na nyuma ya pazia alikuwepo Nadia, ambaye siku yake yote ilining'inia kwenye jibu hilo.

"Si harusi," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akarudia.

"Si harusi, baba. Ni watu waliofungwa. Nimewaona leo asubuhi, kioo kilipobadilishwa. Kabla ya hapo nilikuwa naona ninavyotaka. Na jahazi hilo silijui ni la nani. Picha mume wangu alipewa na Mreno. Mimi ndiye niliyesema ni la babu. Mdogo wangu amesikia kwangu."

"Dada," Abdurrazaque alisema.

"Ngoja." Alijua akinyamaza sasa hatamalizia. "Ingekuwa hilo tu, ningesema tumejisifu kwa picha ya watu, mtatucheka, yataisha. Lakini babu alikuwa na jahazi la kweli. Alibeba nini humo, sisi tuliambiwa chumvi na boriti. Na nyumbani kwetu palikuwa na mama mmoja jikoni. Alikuwa na tundu la ndonya hapa, lile pambo la bibi zenu." Aligusa mdomo wake wa juu. "Alikuwa na chanjo. Hakuwa na ndugu. Sisi watoto tulimwita Faida tu, na umri wake ulikuwa wa bibi yetu. Alinilea mimi huyu. Jina lake la kwao silijui. Sikumuuliza."

Huko uani mtu aliuliza kama changu ashushwe.

Joaquina ndiye aliyezungumza, na furaha ilikuwa imemtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kilichokamuliwa. "Chanjo zake zilikuwaje?"

Bi Chamima alichora kwenye mkeka kwa kidole. Mstari unapanda, unapinda, unapanda. Mitatu shavu hili, mitatu shavu hili. Juu ya nyusi kama mgongo wa samaki. Hakukosea, maana kidole chake kiliijua njia hiyo kabla hakijajua kuandika. Wale wanawake wawili waliinama kutazama. Mmoja akasema neno kwa Kimakonde. Joaquina akatikisa kichwa.

"Hizo ni za wengi," alisema. "Bibi zetu wote walikuwa hivyo. Anaweza kuwa wa mtu yeyote."

"Alizikwa wapi?" aliuliza Cândido.

Hilo ndilo Bi Chamima alilokuwa analiogopa kuliko yote. "Nje ya makaburi yetu. Kwenye njia ya minazi. Hapakuwekwa jiwe. Sasa hivi nikienda sidhani kama nitapaona."

Cândido alikaa chini tena, pale pale alipokuwa. Aliweka mikono juu ya magoti. Abdurrazaque alibaki amesimama chini ya picha na koti lake jipya, hajui aende wapi.

"Mama," Cândido alisema mwishowe, "mimi nimetumwa kuomba mtoto. Sikutumwa kudai watu, na hata ningetumwa, ningedai kwa nani? Kwako wewe uliyelala mapajani mwake? Mtoto tumemwona, amekaa kwetu, tunamtaka. Neno la Cassimo halirudi nyuma." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini chakula cha leo nisameheni. Kitanikwama. Msiseme mgeni ana kiburi."

"Hatutasema, baba."

"Siku ya ndoa nitakula. Labda."

Aliinuka, na wanawake wake wakainuka naye. Joaquina alibaki nyuma kidogo, akifunga kapulana yake iliyokuwa tayari imefungwa. Bi Chamima alimngojea aseme utani wowote, hata wa kuumiza.

"Nitakupigia simu," Joaquina alisema. Hakusema lini. Alimshika bega, akatoka kuwafuata wenzake.

Wageni waliondoka na masinia hayajafunuliwa. Palma nzima haikumbuki aibu kubwa kuliko hiyo kwa mwenye nyumba: mkwe kuja, kuketi, kuinuka na mkono mkavu.

"Umetuvua nguo, dada," Abdurrazaque alisema, si kwa ukali. Alikuwa karibu kulia. "Mimi nimesimama pale kama jogoo. Ulijua tangu asubuhi, ukaniacha nisimame."

"Nilijua. Nilikuonea haya."

"Bora ungenionea haya kabla sijafungua mdomo." Alinyoosha mikono kwenye picha. "Hii naondoka nayo. Naitosa mkondo wa Rongui, iishe."

"Iache."

"Uitazame ya nini?"

"Iache hapo ilipo, mdogo wangu. Kaa ule. Wewe umetoka mbali."

Hakula. Alitoka barazani, akakaa na kuwapa mgongo wapita njia.

Nadia alitoka nyuma ya pazia, nywele zimesukwa nusu, nusu zimesimama. Hakumtazama bibi yake. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapanda juu ya stuli, akaweka uso karibu na kioo. Alikaa hivyo mpaka kioo kikafanya ukungu wa pumzi yake, akakifuta kwa ncha ya kanga.

"Mwanamke wa katikati," alisema. "Nilimpa majina yote ya marafiki zangu."

"Nakumbuka."

"Ungeweza kunyamaza, Bibi. Useme macho hayaoni. Mzee wa watu angekubali, ana adabu."

"Ningeweza."

"Na kama Joaquina hapigi?"

Bi Chamima alitaka kumwambia kwamba Cândido ameshasema neno halirudi, lakini alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kuwa neno laweza kusimama na watu wakarudi nyuma. Kwa hiyo alisema lililokuwa kweli. "Sijui, mjukuu wangu. Nimekuweka pabaya."

Nadia alishuka kwenye stuli. Alilia kidogo, kwa hasira, akijifuta na ileile kanga, kisha akaingia chumbani, akamwita mwenzake aje kumalizia nywele. Hakukuja kumshika bibi yake mkono, na bibi yake hakumdai.

Chakula hakiwezi kukaa kwenye joto lile. Kabla ya alasiri Bi Chamima alianza kukigawa, wali huku, matapa kule, changu kipande kipande, sahani zimefunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kwa ajili ya wakwe. Hakuna aliyepokea sahani bila kushangaa uzito wake. Jirani Cadija hakusubiri kuletewa, alikuja mwenyewe, macho yanatangulia.

"Bi Chamima, wageni wako wanakula kama ndege? Masinia yamejaa hivi?"

"Hawakula."

"Hawakula kabisa? Wamekataa mtoto?"

"Mtoto hawakumkataa."

"Sasa?"

Bi Chamima alisimama na upawa mkononi. Jibu la kumfukuza jirani lilikuwepo tayari, tamu, jepesi: walikuwa na haraka ya njia, barabara haina usalama, si unajua mambo yalivyo. Cadija angelipokea na kulisambaza, na kufikia magharibi lingekuwa kweli.

"Ingia ndani," alisema. "Vua viatu, simama pale kwenye picha, utazame kwa chini."

Cadija aliingia, shingo mbele. Bi Chamima aliweka upawa juu ya sufuria, akaipangusa mikono yake kwenye kanga, kiganja na mgongo wa mkono, kidole kimoja kimoja, kisha akamfuata.

"Kwetu alikuwepo Bibi Faida," alianza, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mwanamke wa katikati.